Unga wa Wifi

Makutano, Meru
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2014

Kwa mkutano wa nyumba ya marehemu Mzee Riungu

Mzee Mutegi, ndugu wa baba yetu, uliye mkubwa kuliko sote tulioketi hapa, Mama yetu Karambu, mwenye nyumba hii, Mchungaji Bundi, ndugu yangu Koome, na wanaume wote wa ukoo, wake mlioolewa hapa, mabinti mliotoka hapa mkaolewa kwingine, watoto na wajukuu: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake.

Mmenizoea kusema bila karatasi. Leo nimeandika, na ninaomba nisome bila kukatizwa, kwa maana nikikatizwa nitapata upenyo wa kunyamaza.

Ajenda ya tatu, niliyoiandika mwenyewe kama mwenyekiti wenu, inasema: “Wambeti, Mama Nthiga, mke wa Koome, kuomba msamaha kwa kukataa chakula cha nyumba hii tarehe 26 Desemba.” Mnaona kwamba Wambeti hayupo. Kabla hamjaamua lolote juu yake, sikilizeni barua kumi na moja: sita zake na tano zangu. Ameniruhusu kuzisoma. Nitazisoma kwa tarehe, pamoja na salamu na sahihi zake, wala sitaongeza neno katikati.

*

Dallas, Embu
3 Novemba 2013

Wifi yangu Mwalimu Kathure,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi, na unajua ni yale yale. Asubuhi vidole havikunjuki mpaka niviloweke katika maji ya moto. Nikikanyaga cherehani, nyonga inanijibu. Juzi nilishinda kutwa kwenye sketi moja ya shule, na pindo likaenda mrama kama njia ya mlevi.

Sista Faadumo, muuguzi wa zahanati moja huku mtaa wa Majimbo, alinipima damu. Haikuonyesha kitu. Lakini anasema wapo watu wanaosumbuliwa na ngano hata kama damu yao imenyamaza, kwa sababu ya kitu kilicho ndani yake kiitwacho gluteni. Ameniagiza niache ngano na shayiri kwa wiki sita: mkate, chapati, mandazi, tambi, vyote. Kila siku niandike kwenye daftari maumivu yamefika wapi. “Si dawa, Mama Nthiga,” akaniambia, “ni jaribio. Lakini jaribio lililochafuka halikuambii lolote.”

Ombi langu ni hili. Unga wa uji unaouzwa hapa mjini umechanganywa na kila kitu kilichomo duniani. Nakuomba wimbi wa shamba la Mama, usagwe peke yake kwa Mwirigi, naye aikung'ute mashine kwanza. Naona haya kukutuma kama mtoto. Lakini nani mwingine nimwamini?

Wifi yako,
Wambeti

*

Makutano, Meru
10 Novemba 2013

Wifi yangu Wambeti,

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa Burale wa vifurushi, na debe hili linarudi kwa mkono huohuo. Haya kati ya wifi na wifi ni ya nini? Mwirigi amesaga, na unga umetoka laini.

Nimefundisha miaka thelathini na minne, nami nimeona vidole vingi vilivyouma siku ya mtihani tu. Lakini wewe si mwanafunzi wangu. Jaribu, na matokeo yakitoka unijulishe mimi kabla ya mtu mwingine.

Baba yetu, unakumbuka, aliumwa mgongo miaka tisa na hatukumsikia akiutaja. Nalisema hilo kwa kumbukumbu tu.

Wako,
Kathure

*

Dallas, Embu
1 Desemba 2013

Wifi yangu mpendwa,

Umeagiza ujulishwe kwanza, basi ujue hata kabla ya Koome: jana nilishona vifungo kumi na viwili bila kupumzika! Si kwamba maumivu yamekwisha. Yamesogea tu, kama mtu anayekupisha kwenye benchi. Tumbo nalo halivimbi kama zamani. Sista anasema nisirudie ngano hata wiki sita zikiisha, mpaka aridhike. Koome ananiona nikipanda ngazi, ananiuliza, “Mama Nthiga, umeolewa tena?” Nikamwambia ndiyo, na mwanamume mwenye adabu.

Uji wako ni mtamu kuliko wa hapa. Unateleza, hauna ule ukakasi wa wimbi. Koome anasema huo ni mkono wa dada yake. Mungu akubariki mkono.

Wifi yako,
Wambeti

*

Makutano, Meru
8 Desemba 2013

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikacheka peke yangu jikoni. Hongera.

Tarehe 26 njooni mapema. Mama ameapa kukanda chapati kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na umri wote ule. Nawe unaijua desturi yetu: mke wa nyumba huipokea sahani ya mama mkwe kwa mikono miwili, wala hairudishi. Nakukumbusha tu.

Wako,
Kathure

*

Dallas, Embu
2 Januari 2014

Wifi,

Naandika ingawa vidole vinakataa.

Mama aliponipa sahani, niliipokea kwa mikono miwili. Nikaiweka mapajani, nikamwambia kwa sauti ya chini, “Mama, unisamehe, nimekatazwa ngano.” Mama akanyamaza. Kimya cha Mama ningeweza kukibeba. Ndipo wewe ukasimama na kikombe mkononi, ukasema kwa ile sauti yako ya paredi ya shule, “Ngano amekatazwa kula, kuzitunga hajakatazwa!”

Nyumba nzima ikacheka. Mchungaji Bundi alimwaga chai. Koome naye alicheka, kisha akainamia sahani yake.

Ni maneno mazuri, wifi, siwezi kuyakana. Neno moja: huku chakula, kule hadithi ya uongo, na mimi katikati nimeshika chapati inayopoa. Lakini nani alikuambia kwamba natunga? Sasa vijana wa nyumba wakinipigia simu hawanisalimu. Huuliza, “Mama Nthiga, leo ngano gani?”

Unga umekwisha. Kama umechoka kunitumia, sema tu, sitakasirika.

Wambeti

*

Makutano, Meru
12 Januari 2014

Wifi yangu,

Utani wa mawifi haujawahi kubomoa nyumba, na kama wangu ulikwaruza, pole. Sijachoka. Nakutumia debe jingine, limejaa mpaka mdomoni. Mama hajasema neno juu ya chapati, ila sahani yako hajaiosha na nyingine. Aliiosha peke yake. Utajua mwenyewe namna ya kulimaliza hilo.

Endelea na daftari lako. Kama unaumwa kweli, daftari litasema.

Kathure

*

Dallas, Embu
16 Februari 2014

Wifi yangu,

Daftari limesema. Nimerudi nilikokuwa, kisha nikapita. Koome ndiye anayenifunga vifungo vya blauzi asubuhi, mimi fundi wa nguo. Wiki iliyopita mkasi uliniponyoka ukapasua kitambaa cha mteja. Nilimwambia mteja ni paka. Hatuna paka.

Sista Faadumo hanielewi. “Ngano inaingilia wapi?” ananiuliza. Amekuja mpaka nyumbani, akakagua kabati, akanusa mpaka viungo vya chai. Alipolifikia debe lako nilimzuia. Nikamwambia, “Hilo usilihangaikie, Sista, hilo linatoka kwa wifi yangu.” Akalirudishia kifuniko.

Nimeacha na vingine kwa kubahatisha: maziwa, maharagwe, hata viazi vya kukaanga. Nimepungua mpaka gauni la kanisani linanizunguka. Sasa nanywa uji wako asubuhi, mchana na jioni, kwa maana ndicho chakula pekee ninachokiamini. Usinionee huruma. Niombee tu, na ukipata nafasi unitumie debe jingine.

Wifi yako,
Wambeti

*

Makutano, Meru
20 Februari 2014

Wambeti, wifi yangu,

Usiunywe tena ule uji. Unga umeingia wadudu, nimewaona katika ule uliobaki hapa. Utupe wote. Usimpe jirani, usiwape hata kuku. Burale anakuletea mwingine leo hii. Huu nimeusimamia mwenyewe pale mashineni, punje kwa punje.

Utupe leo, tafadhali. Ukishautupa nijulishe.

Kathure

*

Dallas, Embu
9 Machi 2014

Wifi yangu,

Una moyo mwema kupita kiasi. Niliuchekecha unga wote mara mbili juu ya kitambaa cheupe, na sikuona mdudu hata mmoja. Kutupa chakula kilichotoka mkononi mwa wifi ni kutafuta laana, kwetu Embu na kwenu Meru. Nimeuchanganya na ule mpya katika debe moja, nao unaendelea kunilisha.

Lakini sikuandika kwa ajili ya unga. Nimelifunga daftari. Wiki kumi na nane zimepita badala ya sita. Sista anataka nianze upya, nami nimekataa. Ikiwa nimekaa wiki zote hizo bila ngano na bado naumia, basi maumivu haya hayaingilii mdomoni. Yanatoka kichwani mwangu, kama ulivyosema. Nimeanza kujiogopa, wifi. Mtu anayejitungia maumivu ya mifupa anaweza kujitungia nini kingine?

Cherehani nimempa binti wa jirani. Inafaa itumiwe na mwenye vidole.

Pasaka nitakuja. Nitaipokea chapati mkononi mwa Mama, niile mbele ya wote waliocheka, kisha niwaombe msamaha. Nakuomba uliandike jambo hilo katika ajenda, kwa maana wewe ndiwe mwenyekiti, nami nataka liwe la rasmi.

Wifi yako,
Wambeti

*

Makutano, Meru
23 Machi 2014

Wambeti,

Irudishe cherehani nyumbani. Kisha ukae, usome hii.

Hukuacha ngano hata siku moja. Katika debe la Novemba na debe la Januari nilitia ngano ya Timau, kopo moja la gorogoro kwa kila debe, nikaisagisha pamoja na wimbi wa Mama. Ndiyo maana unga ulitoka laini. Ndiyo maana uji wako ulikuwa ukiteleza. Mwirigi aliniuliza, “Mwalimu, wimbi na ngano? Ndoa hii nani aliibariki?” Nikamwambia asage, maswali amwachie mwalimu. Debe la Februari pekee ndilo lililokuwa safi, nawe umelichanganya na lile la Januari kwa sababu nilikudanganya habari ya wadudu badala ya kukuambia kweli.

Sikutaka kukudhuru. Nalisema hilo nikijua kwamba halina uzito. Nilitaka kukunasa. Nilimuuguza Baba miaka tisa bila kumsikia akilalamika, kisha nikakuona wewe ukisimamisha nyumba nzima kwa ajili ya mkate. Tena Koome, aliyekuwa akinipigia simu kuniuliza hali yangu, alikuwa sasa ananipigia kuniuliza dawa ya nyonga yako. Nikawaza: atakula ngano bila kujua, aseme amepona, nami nitakuwa na jibu. Uliponiandikia Desemba kwamba umepata nafuu, jibu nililipata. Maneno niliyosema mbele ya watu hayakuwa utani. Nilikuwa natangaza matokeo.

Barua yako ya Februari niliisoma nikiwa nimesimama, na sikuweza kukaa. Ulimzuia muuguzi asilikague debe kwa sababu lilitoka kwangu.

Sijui kama ngano ndiyo inayokuumiza. Huenda siyo. Ile nafuu ya Desemba huenda ilikuwa ni mkate uliouacha, au matumaini tu, na haya ya Februari huenda ni baridi au ni njaa. Ulitaka kujua jambo moja juu ya mwili wako mwenyewe, nami nikakunyang'anya. Kisha nikakuacha uamini kwamba akili yako ndiyo yenye ugonjwa.

Ajenda ya tatu nimekwisha kuiandika kama ulivyoomba, na makamu wangu Mukiri amekwisha kuisambaza. Niambie nifanye nini.

Kathure

*

Dallas, Embu
6 Aprili 2014

Mwalimu Kathure,

Niliisoma barua yako mlangoni, Burale akiwa bado anasubiri jibu. Nilimwambia aende.

Kwanza nilifurahi. Usishangae. Nilifurahi kwa sababu sina wazimu. Kwa muda wa kama kuchemsha chai nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote hapa mtaani Dallas. Kisha nikakumbuka jambo moja moja: Sista na kifuniko cha debe, Koome na vifungo vyangu, na mimi nikikushukuru kila mara. Nilikubariki mkono, Mwalimu. Nililiandika hilo, na wewe ukalisoma.

Unga nimeumwaga. Koome nimempa barua yako akaisoma, na hii ni siku ya tatu. Anakwenda kazini, anarudi, anaosha vyombo.

Hukuomba nikusamehe, na umefanya vizuri, kwa kuwa kwa sasa sina cha kukupa.

Cherehani imerudi. Nimeanza daftari jipya tarehe 1 Aprili. Nakula nduma, ndizi na viazi, na wimbi nausagisha mwenyewe hapa Embu nikiwa nimesimama kando ya mashine. Wiki sita zitakwisha tarehe 12 Mei. Huenda nitakuwa naumwa vilevile. Basi nitajua kwamba si ngano, na nitatafuta kwingine, nikiwa na akili zangu.

Pasaka sitakuja. Itaangukia katikati ya jaribio, na safari hii sitaki mkono wa mtu yeyote kati yangu na sahani yangu.

Umeniuliza ufanye nini. Ulinivua nguo mbele ya watu. Usinivishe kwa barua ya siri. Nakurudishia barua zako zote. Ziunganishe na zangu, uzisome mbele ya walewale. Usiruke hata moja. Ile yangu ya Februari isome polepole.

Wambeti, Mama Nthiga

*

Mzee Mutegi, Mama, Mchungaji, ndugu zangu: hizo ndizo zote.

Koome, jambo hili ulilijua, ukaja hata hivyo, ukaketi pale ulipoketi. Nakushukuru kwa hilo, na sikuombi lingine.

Mama, naona unavyonitazama. Wimbi ulikuwa wako, umeupalilia na mgongo wako, na mimi ndimi niliyeutia doa. Chapati uliyorudishiwa haikukataliwa kwa dharau. Ilikataliwa na mtu aliyekuwa akijitahidi kupona, na aliyemzuia kupona, kama ngano ndiyo adui yake, ni binti yako. Sitasema kwamba nilighafilika. Mtu haghafiliki mara mbili kwa gorogoro ileile.

Nanyi nyote mliobaki: mlicheka kwa sababu niliwachekesha. Kosa la kuwachekesha ni langu. Lakini hakuna hata mmoja wetu, tangu siku ile mpaka leo, aliyekwenda Embu kumuuliza mgonjwa wetu anaumwa wapi.

Kwa hiyo, kwa mamlaka ya kiti hiki ambacho bado nakikalia kwa dakika chache, natangaza kwamba ajenda ya tatu imefutwa. Wambeti hana kosa lolote mbele ya nyumba hii, na katibu aliandike hivyo katika kumbukumbu, pamoja na jina langu na nililofanya, bila kulipunguza makali.

Mahali pake naweka hoja hii. Jumamosi tarehe 17 Mei, jaribio lake likiwa limekwisha, nyumba hii iende Embu, ikitanguliwa na Mzee Mutegi na Mama, ikamwombe msamaha mlangoni kwake. Twende tukimkuta amepata nafuu, twende tukimkuta anaumwa vilevile. Msamaha wetu usingojee daftari lake liseme nini. Tusibebe chakula. Atakachotupa tutakipokea kwa mikono miwili, na asipotupa kitu tutakunywa maji. Mimi nitakwenda nyuma ya wote, na akisema nibaki barabarani nitabaki barabarani.

Naondoka kitini. Mukiri, makamu wangu, njoo ukikalie na uipigishe hoja kura. Wanaokubali wasimame, na waliocheka tarehe 26 Desemba ndio wasimame kwanza.

Kathure Riungu